Unyenyekevu Wangu Mbele ya Mgeni wa Kirusi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Kwako shajara, salamu nyingi pamoja na heshima zako zote. Natumaini hujambo huko ndani ya droo. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Naomba radhi sana kwa kukuacha bila neno tangu marehemu mke wangu alipotutoka. Sikuwa na la kuandika ambalo halikuwa lilelile la jana yake. Leo ninalo.

Mjukuu wangu anataka kwenda Urusi.

Niruhusu nieleze taratibu, maana hukuwapo. Mjukuu huyu, ambaye marehemu bibi yake alimpa jina la Chiriku kwa kuwa hanyamazi, anakaa nami tangu alipoingia chuo kikuu. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali na ameniachia mimi mambo yote ya ulezi. Chiriku anasoma Kirusi. Kwa nini Kirusi, sijawahi kumuuliza. Niliona si adabu. Hukariri masomo yake akiosha vyombo. Kuna sauti moja katika lugha hiyo, si i wala si u, ambayo siku ya kwanza kuisikia nilimpelekea dawa ya tumbo.

Leo mezani amenieleza kwamba idara yao imepata nafasi moja ya mwaka mzima katika chuo cha huko. Lugha asubuhi, na muda uliobaki kila mwanafunzi afanye utafiti wake. Walioomba walikuwa wengi, wamechujwa, wamebaki wawili. Yeye, na mjukuu wa jirani yangu Mzee wa Stesheni.

Utafiti wa Chiriku ni juu ya vitabu vya watoto vya Kirusi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili hapo zamani, vile vya picha za dubu na theluji. Waliovitafsiri wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja. Ni Mrusi, mzee sana, anaishi katika mji ulio mbali na chuo. Chiriku amemtafuta mpaka akampata. Anataka kwenda kuketi naye na kurekodi sauti yake angali hai. Anamwita Babu wa Huko.

Nilimpongeza. Nilisema ni jambo jema mno. Kisha nikamwomba anipitishie chumvi, ilhali chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Leo nimemsikia Babu wa Huko. Alimtumia Chiriku ujumbe wa sauti kwenye simu, na Chiriku akaniletea nami nisikilize, akiwa na furaha ya mtoto aliyeokota ndege.

Lazima nikiri. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alimsalimu kwanza, akamuuliza hali ya nyumbani, akamtakia afya njema babu yake, ndipo akaingia katika maneno. Hakuruka hatua hata moja. Nilitafuta kosa. Nikaomba tusikilize tena. Nilichopata ni kwamba anapumua kwa kishindo. Nililitaja hilo. Chiriku alisema, Babu, ana miaka karibu mia, apumue tu.

Lakini kilichonichoma si Kiswahili chake. Ni jinsi Chiriku alivyosikiliza. Alikuwa ameegemeza shavu kiganjani, macho hayapepesi. Juzi tu nilikuwa nikimsimulia jinsi tulivyopanga mafaili ya wagonjwa hospitalini, habari ya kuvutia sana, naye alikuwa akiniitikia hewala Babu, hewala Babu, huku kidole kikitembea juu ya simu. Kumbe anajua kusikiliza. Atavuka nusu ya dunia kumsikiliza mzee akiongea, na humu ndani kuna mzee ameketi bure.

Basi nimeamua. Asiende.

Tatizo ni namna ya kusema. Nilikuwa karani wa mapokezi ya hospitali maisha yangu yote ya kazi. Kazi yangu ilikuwa kuwaomba watu radhi kwa niaba ya madaktari ambao hawajafika. Kabla ya hapo nililelewa na masista wa misheni, ambao kwao neno sitaki lilikuwa tusi. Mimi siwezi kumwambia mtu usiende. Itabidi lije kwa njia nyingine, yenye heshima.

Nilianza jioni hiyohiyo. Nikasema, kama mtu anayewaza tu kwa sauti, kwamba nimepata kusoma mahali fulani kuwa baridi ya huko hugandisha masikio yakavunjika. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza, Babu, masikio ni glasi? Kisha akanieleza kwamba mabweni ya huko yana joto hata wanafunzi hulala madirisha wazi. Nikamwomba radhi kwa kumtia hofu. Hofu yenyewe hakuwa nayo.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nimemwalika Mwalimu wao wa Kirusi kwa chai. Mpango ulikuwa huu: ajionee mwenyewe jinsi babu alivyochoka, aone kwamba binti huyu akiondoka nyumba inalala, asimpendekeze. Nisingehitaji kusema neno. Niliazima fimbo ya Mzee wa Stesheni. Nikajizoeza kukohoa.

Mwalimu ni mama mnyoofu, mwenye sauti ya kushuka na macho ya kukagua. Alisoma hukohuko ujanani. Nilimpokea kwa kuinuka kwa shida. Nikakohoa. Nikaomba radhi kwa kukohoa. Chiriku alinitazama kwa mshangao, kwani asubuhi alinikuta juu ya ngazi nikibadilisha taa.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri, mpaka Mzee wa Stesheni alipotokea mlangoni bila hodi, akasema anataka fimbo yake, ana safari ya sokoni, na kwani mimi nimeanza lini kuchechemea. Mtu huyu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na hajawahi kustaafu sauti. Majirani wote wamejua.

Nikabaki nimesimama sawasawa kama mshumaa. Mwalimu alikoroga chai yake kwa muda. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba siku alipopata nafasi ya kwenda kusoma, baba yake mzazi alijifanya kipofu. Alipona ndege ilipopaa. Nikasema pole. Sikujua ninampa pole nani.

Alipokuwa akiondoka alinipa habari. Jumanne anakuja mgeni, profesa kutoka chuo cha huko, ndiye atakayeamua. Atawasikiliza wanafunzi, na baada yao walezi wote wawili, mmoja mmoja. Chuo chao hutaka kujua kama familia imeridhia. Mwalimu alinishika mkono akasema, Mzee wangu, nakuomba, zungumza na mgeni kwa ukweli tu.

Nilimhakikishia.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Drafti barazani kwa Mzee wa Stesheni. Alinifunga mara zote. Alikuwa akisogeza kete huku akinitajia sifa za mjukuu wake: ana akili kama saa ya stesheni, hachelewi, hakosei, utafiti wake juu ya maneno ya reli utashangaza dunia. Mjukuu mwenyewe alikuwa ameketi pembeni akimenya karanga. Tunamwita Kimya. Akisema neno, siku hiyo inakumbukwa.

Nilimuuliza Kimya, kwa adabu, kama Kirusi ni kigumu. Alifikiri. Akasema Kiswahili hubadilisha maneno kichwani, Kirusi hubadilisha mkiani. Babu yake akapiga meza akasema ndivyo, sisi injini iko mbele, wao inasukuma kwa nyuma. Kete zote zikamwagika. Alipozirudisha, zake zilikuwa zimesogea.

Nilimuuliza Mzee wa Stesheni atamwambia nini mgeni. Akasema atamsifu mjukuu wake mpaka profesa aombe maji. Akaniuliza nami je. Nikasema nitajishusha kidogo, kama tulivyofunzwa. Akacheka. Akasema, Karani, wewe mtu akikukanyaga unamwomba radhi kwa kuweka mguu pale.

Alicheka sana. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona njia, nayo imenyooka. Nitakuwa mnyenyekevu. Sitasema uongo, sitamkataza mtu, sitapandisha sauti. Nitamshusha mjukuu wangu kama mlezi yeyote mwenye malezi anavyomshusha mtoto wake mbele ya wageni, ila nitashusha kwa ukamilifu. Nani atamlaumu mzee kwa adabu?

Jumanne, tarehe 14 Mei

Limefanyika.

Chumba cha idara ni kidogo, kina feni inayolalamika, ramani kubwa ukutani na meza ndefu yenye kitambaa cha kuazima. Mgeni ni mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya nywele. Hajui Kiswahili. Mwalimu alitangaza jambo ambalo sikulitegemea: ili iwe sehemu ya mtihani, wanafunzi ndio watakaotafsiri maneno ya walezi, ila kwa kupishana. Chiriku atamtafsiria Mzee wa Stesheni. Mimi nitatafsiriwa na Kimya.

Chiriku akabaki nje. Nikaingia. Kimya alisimama kando yangu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, jasho linamtiririka.

Nilianza kwa salamu. Nikaomba radhi kwa umri wangu, kwa viatu vyangu, na kwa kumchosha mgeni aliyetoka mbali. Kisha nikasema niliyoyapanga. Kwamba mjukuu wangu ni mtoto tu, hana analolijua. Kwamba Kirusi chake ni cha kuokoteza. Kwamba hata kupika chai hajaweza sawasawa, sembuse utafiti. Kwamba wakimchukua watakuwa wamejitwika mzigo, na wakimpata mwingine anayefaa wasione haya, sisi hatutanung'unika. Kwamba akiwaletea usumbufu, lawama ni zangu niliyemlea vibaya.

Kimya hakuanza. Alinitazama. Uso wake ulikuwa ukiniuliza kama kuna ninachotaka kukirudisha mfukoni. Nikamwashiria kwa heshima aendelee. Akaendelea. Alitafsiri sentensi kwa sentensi, polepole, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtu anayebeba mayai ya mwenzake. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Mgeni alibadilisha miwani. Akauliza kama familia inapinga safari hii. Nikasema hapana, haiwezekani, familia inashukuru, inaona aibu tu kutoa kitu duni. Akauliza mara ya pili, kwa maneno mengine. Nikajibu mara ya pili, kwa unyenyekevu mwingine. Mwalimu akaingilia, akazungumza Kirusi kwa haraka, mikono ikieleza. Mgeni alijibu kwa ufupi na kuandika.

Watu wa kwetu wangenielewa. Mtu wa kwetu angesikia maneno yale akasema, kumbe binti ni dhahabu. Nilikuwa najua pia kwamba mgeni si mtu wa kwetu. Hilo naliandika hapa kwako tu.

Nilipotoka, Chiriku alinirekebisha kola akaniuliza nimesemaje. Nikasema nimesema kama ipasavyo. Akanishukuru. Kisha akaingia na Mzee wa Stesheni, na mlango haukufungika vizuri. Yule mzee alinguruma kana kwamba profesa yupo jukwaa la mwisho. Juu ya ngurumo ile nikasikia sauti ya Chiriku ikitafsiri. Ilikuwa shwari, imenyooka, kila jigambo la yule mzee ikilivika koti na tai mpaka likasikika kama hoja. Ile sauti isiyo i wala u ilipita humo ndani bila kugonga popote. Wote ndani wakacheka mahali pamoja, profesa naye.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, na nilijisikia kama mtu aliyemwaga maji kisha akaiona kiu yake.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Kimya amepata. Sikuhitaji kuambiwa na idara. Mzee wa Stesheni alitangaza getini, kwa jina la mwanafunzi, chuo aendako na muda wa kuondoka, kama treni iliyowasili.

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Haya ndiyo niliyoyataka. Naandika ili nilione neno lenyewe: umefaulu.

Chiriku alirudi akasema, sawa tu, Babu. Akavua viatu, akaenda kuosha vyombo. Aliosha kimyakimya. Nilikaa sebuleni nikisubiri ile sauti. Haikuja. Maji, sahani, maji. Nikaenda jikoni nikaangusha kifuniko cha sufuria kwa makusudi, ili kuwe na kitu. Alikiokota akakirudisha mahali pake.

Kisha akaniuliza, mgongo umenielekea, kama nilisikia alipokosea. Alikuwa amerudia kichwani tafsiri yake yote ya maneno ya Mzee wa Stesheni. Alidhani kuna neno la reli alilolikosea mkia. Alisema labda aliharakisha. Alisema mgeni alipocheka labda alikuwa akimcheka.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nilimmenyea chungwa. Alilila lote ili kunifurahisha.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Nimekwenda idarani kurekebisha. Nilivaa suti ya msibani, kwa kuwa ndiyo safi.

Mwalimu alinikaribisha kiti bila tabasamu. Nilimwambia huenda siku ile nilijishusha kupita kiasi. Akasema, huenda. Akasema alimweleza mgeni kwamba ndivyo wazee wetu wanavyozungumza, kwamba ageuze kila neno nje ndani. Mgeni akamjibu: nimemuuliza mara mbili, unataka nimbishie babu yake mzazi? Nafasi ya mwaka imefungwa. Jina la Kimya limekwenda.

Iko nafasi nyingine, ndogo. Miezi ya baridi kali, ndani ya maktaba ya chuo, kuorodhesha vile vitabu vya watoto. Wanaofanya kazi hiyo hawaruhusiwi kutoka nje ya mji. Nikauliza, na yule mzee mtafsiri? Mwalimu akasema yule mzee yuko mji mwingine, Mzee wangu, Chiriku atakuwa na vitabu vyake tu. Nami nilijua vizuri kwamba vitabu hivyo anavyo karibu vyote chini ya kitanda chake. Hakuwa akienda kwa ajili ya vitabu.

Mwalimu akachukua kalamu. Akasema atampendekeza kwa hiyo nafasi ndogo, lakini safari hii anataka neno la mlezi lililo wazi. Niambie sasa hivi, akasema, huyu binti ni mtu wa namna gani?

Nilivuta pumzi. Nikasema: mjukuu wangu ni hodari.

Alikuwa amekwisha kuandika hodari. Ingefaa ninyamaze pale. Lakini neno lile lilikuwa limesimama uchi katikati ya chumba, na sikuweza kulitazama. Nikaongeza: kwa kadiri ya uwezo wake mdogo.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nikamwomba radhi. Nikagonga feni ya mezani nilipokuwa nikitoka, nikaiomba radhi nayo.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Chiriku amejua.

Kimya alikuja mchana, viatu vimepakwa rangi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa. Akamwambia Chiriku, mbele yangu, kwamba hawezi kufunga sanduku lake akiwa na jambo hili tumboni. Akasema alitafsiri alichokisikia, na kwamba alitamani asingekuwa yeye. Kisha akamwambia yote. Ana kumbukumbu nzuri mno kijana yule. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakirudi moja moja, na la chai pia.

Akamalizia kwa kusema kwamba akiwa huko atasafiri mpaka kwa Babu wa Huko, amrekodi kwa ajili ya Chiriku. Yeye ampe maswali tu. Chiriku alimshukuru. Alisema atamwandikia maswali. Kimya akatoka, ameinamisha kichwa, akanisalimia tena kana kwamba ndio kwanza anaingia.

Nilisubiri kelele. Chiriku hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bibi yake, akaanza kuyasema maneno yangu kwa Kirusi, taratibu, yote. Kwamba hana analolijua. Kwamba ni mzigo. Alipomaliza alisema, Babu, nimejaribu kuyatafsiri kwa njia zote nizijuazo ili yatoke mazuri. Hayatoki.

Nikamwambia ilikuwa adabu. Akasema, Babu. Neno hilo moja tu.

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniomba nisimwombe, akasema katika nyumba hii radhi imetumika mpaka imetoboka, hata paka tunamwomba. Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki.

Kisha akasema, ungeniambia tu usiende.

Nikamuuliza kama angebaki. Alifikiri, maana ni mtoto mkweli. Akasema, nisingebaki. Lakini ningekwenda nikijua kuna mtu ananitaka huku nyuma. Mimi miaka yote nikirudi na matokeo mazuri unaniambia nisiringe. Nilikuwa nadhani unaona kweli mimi mjinga, ila una huruma.

Nilifungua kinywa. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kushusha. Nilitafuta moja la kupandisha, nikakosa pa kulishika.

Alikwenda chumbani kwake kuandika maswali ya Kimya. Nilisikia akiyasoma kwa sauti ndogo ili ayapime. La kwanza lilikuwa: Babu, siku ulipolipata neno la Kiswahili ulilokuwa ukilitafuta muda mrefu, ulikuwa wapi, na ulimwambia nani? Swali zuri. Litaulizwa na mtu mwingine.

Jumanne, tarehe 21 Mei

Chiriku amepata ile nafasi ndogo. Alikwenda kwa Mwalimu mwenyewe, bila mlezi, akajieleza. Inasemekana alisema kwa Kirusi: mimi ni hodari, na hakuongeza kitu. Ataondoka majira ya baridi yakianza huko. Kuorodhesha.

Mama yake alipiga simu kutoka aliko. Chiriku alimwambia mambo yamekwenda vizuri. Hakunitaja. Nilikuwa nimekaa karibu na simu, tayari kutajwa.

Drafti. Nilitegemea Mzee wa Stesheni anizomee, hakunizomea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniacha nimfunge mchezo mmoja. Kisha akasema, Karani, mimi wangu nilimsifu mpaka akaniomba ninyamaze. Wewe wako umemsitiri mpaka amepotea. Nikamwambia amesema kweli. Akasema siku moja asubuhi nimkamate yule binti nimwambie neno zuri moja, hata la uongo, nianzie hapo.

Nimejaribu leo. Nilimwambia chai yake imekolea vizuri. Akasema, Babu, hii umepika wewe.

Nimeapa mbele ya picha ya marehemu: sitaingilia tena mambo ya idara ile kwa njia yoyote, iwe kwa kinywa, kwa kikohozi wala kwa fimbo.

Jumapili, tarehe 25 Agosti

Salamu tena, shajara, na radhi kwa ukimya huu mwingine. Nyumba ilikuwa na mambo mengi ya kutosema.

Kimya anaondoka kesho. Babu yake amemnunulia koti ambalo akilivaa hawezi kushusha mikono. Leo Chiriku alimkabidhi kinasa sauti chake na yale maswali, akamwonyesha asikiweke mbali na mzee, kwa kuwa sauti yake hushuka mwisho wa sentensi. Alimweleza pia ni wapi katika maneno yake mzee hupenda kupumzika kidogo, na kwamba akinyamaza asimharakishe. Alisimama getini mpaka Kimya alipofika kwao, na ni nyumba ya tatu tu.

Nilimwona kutoka dirishani. Moyo uliniuma, na kutoka katika maumivu hayo likanijia wazo safi kabisa.

Nimemwandikia barua Babu wa Huko. Sijavunja kiapo, maana yeye si mtu wa idara. Kwanza nimemsalimu kwa kirefu, nikamshukuru kwa kunitakia afya, nikamwomba radhi kwa kuchelewa kumjibu. Nimemweleza kwamba aliyemtegemea hataweza kufika kwake, na badala yake atamwona kijana mwema wa jirani. Juu ya kijana huyo, kwa kuwa babu yake humsifu kupita kiasi na lazima mtu mwingine asawazishe, nimesema machache ya kumshusha: kwamba ni mtoto tu, hana analolijua zaidi ya reli, maswali yenyewe amepewa, na mzee akimwona hafai asione haya kumwandikia profesa, sisi hatutanung'unika. Nikaongeza kwamba yupo binti mmoja hapa kwangu, wa hivihivi tu, wa kuokoteza, ambaye pengine angeweza kuvumiliwa mahali pake.

Nimeisoma mara mbili. Mzee yule anajua Kiswahili chetu cha adabu kuliko watu wengi wa hapa. Atageuza kila neno nje ndani, na ataelewa sawasawa ni nani asiyejua kitu na ni nani dhahabu. Sioni mahali inapoweza kuharibika.

Chiriku nisingependa kumsumbua nayo. Barua imefungwa kwa gundi, na ataibeba Kimya mwenyewe, aliyeahidi kuitia mkononi mwa mzee kabla hajauliza swali la kwanza.